Simu Mkononi, Mtoto Mapajani

Somo: 2 Wafalme 4:8–37



Swali la juma hili limetoka kwenye ushirika wa akina mama. Dada mmoja alisema hataki mtu aje kwake na simu ya kumpima mtoto, kwa sababu uhai wa mtoto uko mkononi mwa Mungu. Dada mwingine, na walikuwa wameketi benchi moja, akasema kwake ni kinyume: simu ikishasema mtoto hana shida, yeye anazima taa na kulala. Wakabishana kidogo, chai ikaletwa, mambo yakaishia hapo. Mchungaji ndiye aliyeniambia, "Mama, hili uliandikie," kwa kuwa mimi ni mmoja wa wale wahudumu wa afya ya jamii mnaotuita CHP, na simu inayosemwa ndiyo hii ninayotembea nayo kutoka boma hadi boma hapa Suam.

Nimeyageuza maneno ya hao dada kichwani siku nyingi. Kwa nje wanapingana. Lakini naona wote wawili wanatafuta kitu kimoja, yaani mtu wa kuwatua mzigo. Mtoto mchanga akiugua, kuamua ni kazi nzito, na usiku huwa nzito zaidi. Mmoja anautua mzigo kwa Mungu, mwingine anautua kwa simu. Ninachouliza ni kama mzigo wa namna hiyo unatulika.

Hebu kwanza niseme simu hii inafanya nini, maana nimesikia mengi. Kuna mzee aliyeniuliza kama napeleka majina ya watoto kwa wale wa 666. Hapana, baba. Ninachoandika kinaingia kwenye mfumo wa Wizara ya Afya, na tangu mwaka 2019 Kenya ina sheria ya kulinda habari za mtu. Ni haki yako kuniuliza ninaandika nini na kwa nini. Niulize tu, sitakasirika.

Simu yenyewe haina macho. Inauliza, mimi naangalia, halafu najibu. Mtoto ananyonya vizuri? Amepata degedege? Kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi? Anajisogeza mwenyewe, au mpaka aguswe? Joto la mwili limefika 37.5 au zaidi? Au limeshuka chini ya 35.5? Hapa kwetu chini ya Mlima Elgon, asubuhi za baridi ya Julai, hilo la mwisho ndilo naliogopa kuliko yote, kwa sababu watu wengi wanajua mtoto wa moto ni mgonjwa, ila mtoto wa baridi wanasema ametulia. Kisha nahesabu pumzi dakika moja nzima, mtoto akiwa hajalia. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari. Kuanzia miezi 2 hadi mwaka mmoja, ni 50. Nikiona dalili moja tu ya hatari kwa mtoto mchanga, hakuna mjadala: apelekwe kituo cha afya sasa hivi.

Maswali haya hayakuzaliwa na simu. Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliyapanga katikati ya miaka ya 1990, yakachapishwa kwenye chati za karatasi, ili muuguzi aliye peke yake kwenye dispensari ya mashambani asiruke jambo hata akiwa amechoka. Mwezi Septemba 2023 serikali ilipozindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 kule Nairobi, chati hizo zikaingia mfukoni mwetu. Kwa hiyo mtu akisema "simu imeamua", mimi nasikia sauti za wauguzi na madaktari wengi waliokaa na watoto wengi, wakaona ni dalili gani zilitangulia kifo, wakatuandikia.

Na vifo vipo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Kenya, 21 wanakufa kabla ya kumaliza mwezi mmoja, na 41 kabla ya kufika miaka mitano. Fanya hesabu. Nusu ya makaburi hayo madogo yanachimbwa mwezi wa kwanza, wakati mtoto hana hata neno moja. Yule kijana wa Shunemu aliweza kumwambia baba yake kwamba kichwa kinauma. Wa kwako wa wiki tatu hawezi. Kila kitu anachotaka kusema, ni lazima mtu mwingine akisome mwilini mwake.

Sasa nirudi kwa dada wa kwanza. Je, kupima ni kukosa imani?

Mfalme Hezekia aliomba akalia, na Mungu akamjibu kwamba ameongezewa miaka 15. Jibu lilikuwa limeshatoka. Bado Isaya akaagiza waletewe mkate wa tini, wakauweka juu ya jipu. Hakuna aliyemwambia Isaya amemtia Mungu shaka. Na Luka, aliyetuandikia Injili, Paulo anamwita tabibu mpendwa. Hakuacha kuitwa tabibu kwa sababu ameokoka.

Lakini kuna jambo zito zaidi ya hilo, na nataka tulitazame bila kukwepa. Mtu mzima akisema, "Mimi nitamngojea Bwana, sitakunywa dawa," anaweka mwili wake mwenyewe rehani. Tunaweza kubishana naye, lakini ni mwili wake. Mzazi akisema hivyo kwa niaba ya mtoto wa siku kumi, ameweka rehani mwili usio wake. Mtoto hajakiri lolote. Hajaitikia amina. Imani inayojaribiwa pale ni ya mama, na anayelipa ni mwingine. Nchini Kenya hatuwezi kusema habari hii tukajifanya hatukumbuki mwaka 2023, pale msitu wa Shakahola, Kilifi, ilipofukuliwa miili zaidi ya 400, na wengi wakawa watoto. Najua kanisa letu si lile. Lakini mbegu ya jambo lile ni ndogo sana, ni neno kama "tusubiri kwanza tuombe usiku huu, asubuhi tutaona". Kuomba ni usiku huo huo, tena kwa sauti. Unaweza kuomba ukiwa nyuma ya bodaboda. Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu, na sioni mahali Biblia inapoipinga.

Mwangalieni mwanamke Mshunami. Mtoto alikaa mapajani mwake mpaka adhuhuri. Alipoomba punda, mume wake akamuuliza anakwenda kwa nini, wakati si mwezi mwandamo wala si Sabato. Yaani leo si siku ya ibada, mbona unakwenda? Hakukaa kumweleza. Alitandika punda, akamwambia kijana asipunguze mwendo. Imani ya huyu mama ilikuwa na kwato.

Hata hivyo dada wa kwanza ana haki yake pia, na nisipoisema nitakuwa nimemdhulumu. Anachoogopa, nadhani, ni kwamba mtoto wake atageuka kuwa nambari, na yeye aliyembeba miezi tisa ataonekana hajui kitu mbele ya mtu mwenye begi. Hofu hiyo si ya ujinga.

Tafuta mahali Mshunami anapofika kwa Elisha. Gehazi anataka kumsukuma, na Elisha anamkataza, kwa kuwa nafsi yake ina uchungu na Bwana amemficha nabii jambo hilo. Nabii mzima, mtu aliyejua mambo ya wafalme vyumbani mwao, siku hiyo hakujua. Ilibidi mama aseme. Nimeingia nyumba nyingi, na kuna neno ambalo mama na nyanya husema: "Huyu si mtoto wangu wa jana." Neno hilo huwezi kulibonyeza ndiyo au hapana. Lakini mimi nikilisikia nahesabu pumzi mara ya pili.

Vifaa navyo vinaona kile vilichofundishwa kuona. Kuna kile kibanio kidogo kinachowekwa kwenye kidole, au kwenye mguu wa mtoto, kupima oksijeni kwa mwanga. Kimeokoa wengi na natamani kila dispensari ingekuwa nacho. Lakini mwaka 2020 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hicho kilikuwa kinasoma oksijeni juu kuliko ilivyokuwa kwenye damu, mara nyingi zaidi kuliko kwa weupe. Ngozi ilikuwa inakichanganya. Kwa hiyo kama kifaa kinasema sawa na mtoto anakoroma kila pumzi, puani panapanuka, amini mtoto. Ni vivyo hivyo na ugonjwa wa manjano wa watoto wachanga. Kwa ngozi yetu usiangalie mashavu, toka naye kwenye mwanga wa mchana uangalie weupe wa macho, viganja na nyayo.

Basi ina maana tuvitupe? Hapana, na hapa namgeukia daktari kidogo, kwa sababu naye anajaribiwa. Huko Tanzania, mikoa ya Mbeya na Morogoro, mwaka 2021 hadi 2022, walifanya utafiti katika vituo vya afya 40. Nusu wakapewa programu kwenye kompyuta kibao inayomwongoza mhudumu swali kwa swali, nusu wakaendelea kama kawaida. Kwenye vituo vya kawaida, watoto 70 katika kila 100 walitoka na antibiotiki. Kwenye vile vya programu, 23. Na baada ya siku saba hawakuwa wagonjwa zaidi upande huu kuliko ule. Wale wengine wote walikunywa dawa ya nini? Mimi najua ya nini, kwa sababu niko huku kijijini. Sisi akina mama tunapenda kurudi nyumbani na chupa. Daktari akikuambia mtoto ana mafua, mnyonyeshe, utasema kituo hicho hakifai. Naye daktari anaogopa: kama nikimnyima halafu azidiwe? Programu ilimpa ujasiri wa kusema hapana.

Nairobi nako, mwaka 2025, kliniki 15 za Penda Health zilitoa matokeo ya msaidizi wa akili mnemba anayesoma anachoandika daktari na kumwashia taa ya kijani, njano au nyekundu. Waliangalia ziara karibu 40,000, na makosa ya kutambua ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16. Kilichonipendeza zaidi ya hesabu ni mpangilio wake. Taa nyekundu inamsimamisha daktari aangalie tena, kisha uamuzi unabaki wake. Jina linaloandikwa chini ni la mtu.

Nimeona pia kinyume chake, katika kituo kimoja ambacho sitakitaja. Kijana amevaa koti jeupe, anauliza maswali vizuri kabisa, macho yako kwenye kioo. Mama anasema mtoto anakoroma. Kijana anasema hilo bado, tutafika. Mtoto yuko pale, futi mbili kutoka kwenye mkono wake! Nilimgusa bega nikamwambia, "Mwanangu, mwangalie." Akamwangalia, na hakungoja tena maswali yaishe.

Gehazi alipewa fimbo ya Elisha. Alitangulia, akaiweka juu ya uso wa mtoto kama alivyoagizwa, wala hapakuwa na sauti. Fimbo ilikuwa ya kweli, ya nabii wa kweli, na aliyeipeleka hakukosea njia. Lakini yule mama alikuwa amekataa kuifuata fimbo peke yake. Alimshika Elisha, akaapa hatamwacha, mpaka Elisha akainuka akamfuata. Ndipo nabii akaingia, akafunga mlango, akaomba, halafu akajilaza juu ya mtoto, mdomo kwa mdomo, mikono kwa mikono, mpaka mwili ukapata moto. Sisemi Elisha alikuwa anafanya kangaruu! Lakini kila ninapomfunga mama mtoto njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, nakumbuka ule mstari. Njia hiyo ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ilipokuwa na upungufu wa mashine za joto, na mpaka leo ni moja ya vitu vinavyookoa watoto wadogo zaidi. Haihitaji chaji.

Imebaki sehemu ngumu, na ni ya dada wa pili, yule anayelala simu ikisema sawa. Kuna siku simu haisemi sawa wala si sawa, inasema asilimia. Marekani tangu mwaka 2008 wana kikokotoo cha watoto waliozaliwa mapema mno. Unaweka umri wa mimba, uzito, kama ni mvulana au msichana, kama ni mmoja au pacha, na kama mama alidungwa ile dawa ya kukomaza mapafu kabla ya kujifungua. Kinakupa nafasi ya kuishi. Huku kwetu wazazi wengi hawajakiona, lakini swali lenyewe linawafikia, wakiwa kwenye korido ya hospitali Kitale au Eldoret: tuendelee, au tumwache apumzike?

Tuseme wamekuambia asilimia 30. Maana yake, kati ya watoto 100 waliofanana na huyu kwa mambo hayo matano, 30 waliishi. Ni habari ya kweli, na ni vibaya mtu kukuficha. Bwana Yesu mwenyewe alisema habari ya mtu anayeketi kwanza ahesabu gharama ya mnara. Lakini mtoto wako hataishi kwa asilimia 30. Ataishi, au hataishi. Nambari inajua wale mia, na yule mchungaji wa Luka 15 anakwenda kumtafuta mmoja. Ndiyo maana nambari haiwezi kukuamulia. Inakwambia njia ina giza kiasi gani, kisha mwenye kutembea ni wewe, pamoja na daktari anayekutazama usoni.

Na ukiamua, ukafanya yote, na mtoto akaondoka? Daudi alilala chini siku saba akifunga kwa ajili ya mtoto wake mchanga. Mtoto alipokufa, akainuka, akaoga, akaingia nyumbani mwa Bwana, akala. (Na mtu asiichukue habari ya Daudi akamrushie mama aliyefiwa ati kuna dhambi. Ya Daudi iliandikwa. Ya mama huyo wewe umeisoma wapi?) Mama aliyefiwa akija ibadani, asiulizwe kwa nini hakuomba zaidi, wala kwa nini hakwenda mapema, wala simu ilisema nini. Mpe kiti. Kaa naye.

Kitu kimoja ambacho simu haijui kabisa ni nauli. Inaandika "peleka kituoni sasa" saa nane usiku, mvua inanyesha, mama ana shilingi arobaini, na baba yuko kazini upande wa Uganda. Hapo uamuzi umeshafanyika na bado mtoto hajaondoka nyumbani. Nimezungumza na mashemasi, nao wamekubali sehemu ya sadaka ya huruma iwekwe kando kwa safari za watoto wachanga, na ndugu wawili wenye pikipiki wamesema waamshwe saa yoyote. Kiongozi wa kila ushirika wa nyumbani atakuwa na namba zao. Dada wa kwanza tayari amejitolea kukaa na watoto wakubwa wa mama anayesafirishwa.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili nitakuwa chini ya mti nyuma ya kanisa, na saa yenye mshale wa sekunde. Nitafundisha kuhesabu pumzi bila simu yoyote. Akina baba, njooni na nyinyi. Mje na mtoto kama yupo, aliyelala ndiye mzuri zaidi.